Mtaa Uliofuga Nywele

4 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Kazi inaendaje, na ule mgongo? Sisi huku tuko salama. Ila nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya, kwa hiyo naanza upya: mimi ni mzima, nyumba ni nzima, na Baba ametoka hospitali.

Najua uliongea naye Jumapili ukamsikia akisema "niko vizuri, niko vizuri." Nilikuwa pembeni nikitamani kukuambia yaliyopo, lakini unanijua. Simu ikifika sikioni maneno yananikimbia, na yeye alikuwa hapo hapo anasikia. Ndiyo maana naandika. Karatasi hainikodolei macho.

Baba anakula kidogo, analala, anameza vidonge bila kusukumwa. Daktari alinieleza kwamba ugonjwa wake unaitwa sonona, kwamba hautokani na uvivu wala kulogwa, na kwamba mtu hupata nafuu taratibu, kwa dawa na kwa watu. Akaniambia, "Akianza kufanya kazi kidogo kidogo, itamsaidia." Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Nikafungua saluni, nikafagia, nikafuta kioo mpaka nikaona chunusi zangu zote. Mashine nikazipaka mafuta kama alivyonifundisha.

Asubuhi Baba akaja. Akaingia, akachukua ule wembe wa mpini mweusi, akauinua usawa wa macho. Mkono ulikuwa unatetemeka. Si sana, Mama, lakini kwa kinyozi kidogo ni kingi. Akaurudisha mahali pake polepole kama mtu anayemlaza mtoto, akasema, "Funga, mwanangu." Tangu siku hiyo anashinda uani kwenye stuli, mtaa ameupa mgongo.

Kuna jingine ambalo nisingependa kukuambia, lakini nitakuambia. Nilikwenda kununua sabuni nikapita mbele ya bucha. Yule mwenye bucha, ambaye mtaa mzima unamwita Bucha kana kwamba alizaliwa na jina hilo, alikuwa anapiga soga na wateja. Akasema kwa sauti, "Mtu katoka hospitali ile, nimpe koo langu? Mimi nachinja, jamani. Najua koo linavyofunguka."

Watu wakacheka. Fundi cherehani, rafiki yake Baba, akamwambia, "Shika adabu, binti yake huyo anapita."

"Sijamtukana mtu," Bucha akasema. "Nimesema koo ni langu."

Nilikuwa na jibu zuri kabisa. Lilinijia nilipofika nyumbani.

Lakini kinachonitisha si Bucha. Kinachonitisha ni kwamba Baba anakubaliana naye. Jana nilimsikia akimwambia fundi cherehani, "Hata mimi nisingejipa koo langu." Mama, kama hatarudi kwenye ile kazi yake, naona kama atarudi hospitali.

Wako akupendaye,
Bintiyo Kimya


19 Machi

Kimya wangu,

Marahaba, mwanangu. Mgongo upo, kila nikiinama unanikumbusha kwamba bado ni wangu. Huku kwenye chumba cha kufulia cha hoteli tunakunja mashuka kutwa nzima, marefu kama barabara, na mvuke umejaa mpaka mtu hujui kama unalia au unatoka jasho. Barua yako niliisomea humo humo, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Umefanya vizuri kuniandikia ukweli. "Niko vizuri" ya baba yako naijua. Aliwahi kunijibu hivyo mguu ukiwa umevunjika.

Sasa nisikilize. Bucha mwache. Mwoga anayeongea kwa sauti ni afadhali kuliko wale wanaoogopa chini chini na kukuchekea usoni. Huo mkono unaotetemeka, je, umemuuliza nani? Mimi na wewe hatukusomea udaktari. Pale zahanati kuna yule muuguzi mwenye kicheko kikubwa. Ana kikundi cha watu waliopita njia kama ya baba yako, wanakaa pamoja kila Alhamisi. Nenda kamwone. Usimtume mtu. Maswali yaandike kiganjani kama ulivyokuwa unafanya shuleni, usidhani nilikuwa sijui.

Na usimfanyie baba yako kila kitu, mwanangu. Mtu akifanyiwa kila kitu huanza kujiona mzigo. Mwachie hata ndoo ya maji aibebe.

Mkataba wangu unaisha mwakani. Lakini ukiniambia nirudi, narudi. Kazi zipo nyingi, baba yako ni mmoja. Usiniite ili kunifurahisha, wala usiache kuniita kwa kunihurumia.

Mama yako


7 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa mvuke. Barua yako niliisoma mara tatu, halafu nikaenda zahanati kabla ujasiri haujapoa. Maswali niliyaandika kiganjani kama ulivyosema, lakini mkono ulitoka jasho wino wote ukayeyuka, ikabidi niulize kwa mdomo.

Muuguzi alicheka kile kicheko chake kisha akanijibu vizuri. Alisema kutetemeka kunaletwa na dawa mojawapo, wala Baba hajaharibika. Daktari ataangalia kipimo, ila Baba asithubutu kuziacha mwenyewe. Kuhusu kikundi, alisema mlango uko wazi, anayetaka kuongea anaongea, anayetaka kunyamaza ananyamaza. Nikafikiri, hapo hata mimi naweza.

Baba alikubali kwenda kwa sababu fundi cherehani alimwambia, "Nitakusindikiza. Hata mimi nina yangu, sema tu sijawahi kuulizwa." Wakaenda. Baba aliporudi alivua viatu, akakaa, akasema, "Kuna dereva wa lori pale, mtu wa miraba minne. Amelia mbele za watu na hakuna aliyemcheka." Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema tangu arudi. Nililala na raha.

Sasa ngoja nikuambie tulivyoharibu.

Fundi cherehani, kwa mapenzi yake, alipita nyumba hadi nyumba akiwaambia wanaume: Jumamosi twendeni tukamtie moyo kinyozi wetu. Nilijua, na nilifurahi. Nikachemsha birika kubwa la chai. Nikamwambia Baba kuna wateja, naye akavaa aproni yake.

Benchi lilijaa mpaka wengine wakakalia ndoo zilizopinduliwa. Lakini hebu tazama waliokuja. Wawili walikuwa wametoka kunyolewa sokoni juzi yake. Mmoja alibeba mtoto mchanga asiye na unywele. Na wa kwanza kukaa kitini alikuwa fundi cherehani mwenyewe, na kichwa chake unakijua: nzi akitua anateleza.

Baba akamfunga kitambaa shingoni. Akakizunguka kile kichwa, akauliza, "Nikunyoe nini, fundi?"

"Chochote utakachokipata. Usione haya."

Watu wakaangua kicheko, halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja: mkono ni ule ule, hana mpinzani, mtaa huu una bahati. Na alikuwa hajanyoa mtu!

Baba hakucheka. Alilowesha taulo, akakipangusa kile kichwa vizuri mbele na nyuma, akafungua kitambaa, akasema, "Ahsanteni kwa kuja." Akatundika aproni kwenye msumari, akatokea mlango wa nyuma.

Nilimfuata uani. Akaniambia, "Hawakuja kunyolewa. Wamekuja kumwona mgonjwa. Kilichobaki ni kuniletea machungwa."

Alhamisi hakwenda kwenye kikundi. Fundi cherehani alisimama getini muda mrefu, kofia mkononi, Baba akakataa kutoka. Sasa hata stuli haikalii, yuko chumbani, mapazia yamefungwa. Nikimpelekea chakula anasema ahsante na kukiacha kipoe.

Mama, sikuandika hivi kukufurahisha. Rudi.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeipata yako nikiwa zamuni, na kabla sijavua glavu nimekwenda kwa msimamizi kuomba kuacha kazi. Nimeandika barua nikaitia sahihi. Ameipokea, lakini amesema hataipeleka juu mpaka mwisho wa Julai, nifikiri kwanza. Nimemwambia nimeshafikiri. Basi, likitokea lolote kabla ya hapo, mkimbilie muuguzi, usinisubiri mimi.

Nikiwa nasubiri, nitakusimulia kitu. Siku ya harusi yetu tulichelewa. Watu walidhani bibi harusi anajipamba. Wapi! Dereva aliyetubeba alikuwa amenyolewa kisogo kikaenda upande. Baba yako akavumilia, akavumilia, tukafika njiani akamwambia, "Ndugu yangu, simama." Akashuka na suti yake, akatoa wembe mfukoni, akamchonga mtu kisogo kando ya barabara. Wembe mfukoni, siku ya kuoa! Mimi niko kiti cha nyuma, maua yananyauka, najiuliza nimeolewa na nini. Nilikuja kujua baadaye. Nimeolewa na mtu asiyeweza kupita kichwa kibovu akakiacha.

Sasa hao majirani zetu wamekuja na moyo mzuri na vichwa visivyofaa. Baba yako hajawahi kupenda makofi. Wanaompenda wampe kazi.

Lakini siwaambii mimi. Mimi niko huku na mashuka. Utawaambia wewe, kwa mdomo wako. Na usinijibu kwamba huwezi, maana aliyemuuliza muuguzi maswali yote baada ya wino kuyeyuka anaweza.

Mama yako


16 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini hujambo na hewa ni nzuri huko. Kaa chini kwanza, usisome umesimama.

Nilikwenda kwenye kibaraza cha fundi cherehani, pale wanaume wanapochezea drafti. Nilisimama pembeni mchezo mmoja ukaisha, ukaanza wa pili. Fundi akaniona.

"Kimya, umetumwa?"

"Sijatumwa."

Wakanisubiri. Wote wakanitazama, Mama, hata wale wa kwenye drafti. Nikasema, "Msije tena saluni."

Ilitoka kali kuliko nilivyotaka. Fundi bomba wa mtaani kwetu akaweka kete chini. "Ala! Tumekosa nini?"

"Hamjakosa. Ila Baba hataki kutiwa moyo. Anataka nywele."

Niliendelea kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Nilisema anayempenda asinyolewe kwingine, aache ziote. Nilisema Jumamosi ile walimjia kwa huruma, na mtu hawezi kunyoa huruma. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka kushinda mkono wa Baba. Nilipomaliza nikatamani ardhi ifunguke.

Fundi cherehani akajipapasa upara. "Na sisi tuliodhulumiwa na Mungu, tufuge nini?"

"Ndevu, fundi."

Nani alijibu hivyo? Mimi, Mama! Walicheka mpaka kete zikamwagika, na fundi akacheka kuliko wote. Kisha akasema, "Binti amesema kweli. Tulikwenda kumwonyesha sisi ni watu wema. Haya, kuanzia leo wembe wa sokoni ni haramu."

Bucha alikuwa anasikia toka ng'ambo ya barabara. Akapaza sauti, "Mimi simo! Siuzi nyama na manyoya."

Basi nywele zikaota. Usiombe uuone mtaa wetu sasa. Fundi bomba amekuwa kama fagio la mabua, mke wake anasema hajui anamlisha mume au simba. Fundi cherehani ndevu zake zimetoka mashariki na magharibi tu, katikati hakuna mvua. Wakipita nyuma ya nyumba yetu wanasema "habari, kinyozi," wanaendelea na safari zao. Hawasimami, hawamsifu.

Siku za kwanza Baba hakuitikia. Halafu akaanza kuitikia dirishani. Halafu nikamkuta amerudi kwenye stuli. Siku moja fundi bomba alipita, Baba akamfuata kwa macho mpaka kona.

"Yule ana nini kichwani?"

"Kinyozi wake amefunga, Baba."

Baadaye, tukiwa tunaosha vyombo, akaniuliza, "Ni wewe uliyewaambia?"

Nikasema ndiyo. Sikuweza kumficha. Nilidhani atakasirika. Aliendelea kusuuza sahani moja kwa muda mrefu, kisha akasema, "Yule fundi bomba, akiendelea hivyo, ndege watataga."

Alhamisi iliyopita alikwenda kwenye kikundi. Na leo asubuhi nimekuta stuli imegeuzwa. Inatazama mtaa.

Bintiyo


30 Mei

Kimya wangu, usiye kimya tena,

Marahaba, marahaba! Nimecheka shuka likaniponyoka likaingia majini, ikabidi lifuliwe upya, na sijutii. Nimewasomea wenzangu hapa kile cha ndevu za mashariki na magharibi. Kila asubuhi sasa wananiuliza, "Kinyozi amefungua?"

Hajafungua, nawaambia. Stuli si kiti cha saluni. Nami sitaki kudanganyika, kwa sababu moyo wangu una haraka ya kudanganyika. Mkono wake unaendeleaje? Msimamizi bado ameishika barua yangu.

Mwambie nimemwuliza hali. Mwambie akijibu "niko vizuri" nakata simu.

Mama yako


21 Juni

Mama, Mama,

Shikamoo! Uko salama? Nakuuliza haraka kwa sababu nina mengi na kalamu haikimbii kama ninavyotaka.

Kwanza mkono. Daktari alibadilisha kipimo, mtetemeko ukapungua, lakini Baba alikuwa bado hauamini. Siku moja kwenye kikundi muuguzi akawauliza kila mtu alijifunzaje kazi yake. Baba akasema yeye alijifunza kwa puto. Mwalimu wake alikuwa anapuliza puto, analipaka povu, anampa wembe: linyoe mpaka liwe kavu, likipasuka anza tena. Koo la mtu, alimwambia, ni puto lenye familia.

Alhamisi iliyofuata muuguzi akaja na maputo yaliyobaki siku ya chanjo ya watoto. Baba akaniomba nimsindikize nibebe povu na wembe, kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe.

Yule dereva wa lori alishika puto la kwanza kwa mikono miwili, uso ameugeuza pembeni. Baba akapaka povu, akaweka wembe. Pwaa! Povu lote likamrukia dereva machoni. Sote tukaganda. Dereva akajipangusa akasema, "Kinyozi, mimi nilitaka za chini tu." Na Baba akacheka. Mama, nilikuwa nimesahau kwamba kicheko cha Baba kina ngazi, kinapanda kimoja kimoja mpaka juu.

Wengine nao wakataka kujaribu. Yakapasuka kushoto na kulia, muuguzi akabaki na povu kwenye kofia, wagonjwa wa meno wakachungulia kujua kuna nini. Yale yaliyosalia muuguzi akamwekea Baba kwa Alhamisi zilizofuata, na kila mtu alikuwa anagombea kushika. Hakuna aliyemwambia "jitahidi." Walishika tu, wakaendelea kuongea habari zao, usingizi, dawa, wake zao, na Baba akiwa anaongea nao huku mkono unafanya kazi. Juma lililopita alinyoa puto zima. Linalia kwiii chini ya wembe, sisi tumeziba pumzi, mpaka likabaki linang'aa. Dereva akalitazama akasema, "Sasa mimi." Baba akamjibu, "Bado." Lakini alilipeleka nyumbani lile puto, likakaa juu ya kabati.

Sasa Bucha. Unakumbuka alisema hayumo. Basi juzi alikwenda kwa kijana mmoja wa sokoni, akarudi na ndevu zimechongwa upande mmoja juu, upande mwingine chini, na chini ya kidevu amekatwa katwa. Akapita nyuma ya nyumba yetu. Baba alikuwa kwenye stuli anakunywa chai. Akaweka kikombe.

"We! Simama hapo."

Bucha akasimama.

"Nani amekufanyia hivyo? Amekunyoa na shoka?"

"Kijana wa sokoni."

"Na wewe ukakaa kimya anakukata hivyo? Hebu njoo huku." Alikuwa ameshakasirika, Mama, kama zamani. Akamshika Bucha begani, akamzungusha kwenye mwanga, akamrudisha. Kisha akaniita, "Lete funguo."

Nilidondosha funguo mara mbili. Nilipomaliza kufungua, nusu ya mtaa ilikuwa imesimama nje, nywele hivyo hivyo, hakuna anayekohoa. Bucha akafika mlangoni akasita. Nilimwona akijishika koo. Watu wote walikuwa wanajua alichowahi kusema, na yeye alijua kwamba wanajua. Angeweza kugeuka akaenda zake. Lakini akakaa kitini.

Baba akamfunga kitambaa, akamlaza kichwa nyuma, akapaka povu. Akachukua wembe wa mpini mweusi. Akasimama nao.

"Unaogopa?" akamwuliza.

"Naogopa," Bucha akasema, macho ameyafumba.

"Hata mimi. Basi tutulie wote wawili."

Akamnyoa. Taratibu, kutoka sikioni kushuka, akipangusa wembe, akirudi tena. Nilikuwa namwangalia mkono, sikupepesa. Alipofika kwenye koo nikasikia fundi cherehani nyuma yangu akisali. Hakumkata, Mama. Hata mkwaruzo. Akampaka maji ya baridi, akamwinua, akamshikia kioo. Bucha akajishika kidevu, akajitazama kushoto, akajitazama kulia. Macho yalikuwa yamelowa, akasingizia sabuni.

Akasimama akawaambia walioko nje, "Mnashangaa nini? Ingieni, mnanuka!"

Waliingia! Baba alinyoa mpaka jua likashuka, mimi napokezana naye mataulo. Ndevu za fundi cherehani alizitazama akasema hizo hazihitaji wembe, zinahitaji maombi. Nywele nilizofagia zingejaza godoro. Alipomaliza alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, hoi, akasema, "Nimechoka." Na ulikuwa uchovu wa kazi.

Kuhusu barua yako ya kuacha kazi, nimemwuliza. Amesema umalize mkataba wako. Amesema usimrudie kwa sababu anaumwa, umrudie kwa sababu umemkumbuka. Lakini uamuzi ni wako, naye amesisitiza niandike hivyo.

Bintiyo, na mfagizi mkuu wa saluni


5 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Wenzangu walipoona bahasha waliacha mashine zinazunguka. Nilisoma kwa sauti mpaka pale Bucha alipofumba macho, sauti ikakatika, mwingine akanipokea.

Nimeichukua ile barua kwa msimamizi. Akaniuliza, "Mumeo kapona?" Nikamwambia sijui kama neno ni kapona. Nikamwambia ana watu. Nimeichana vipande vidogo, na nilivyokuwa naichana nikasikia mgongo umenyooka.

Lakini mimi ni mtu mzima, najua siku zote haziwi Jumapili. Uzito ule unaweza kurudi. Ukirudi utaniambia, au utaniambia "tuko salama"? Hilo tu ndilo nataka uniahidi. Mengine yote umeshanipa.

Mwambie baba yako nimemkumbuka.

Mama


12 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na Baba leo ni mzima, amenituma nikusalimie, na ile ya kumkumbuka amenirudisha niisome mara mbili. Lakini uliniomba nikuambie siku mbaya ikija. Ilikuja Jumanne.

Nilimkuta kitandani anatazama ukuta. Akaniambia, "Uzito umerudi. Leo sitaweza." Nikauliza kama amemeza dawa, akasema ndiyo. Nikauliza nimwite muuguzi, akasema ndiyo tena, bila kubishana. Nikampigia simu. Mimi, kwa simu. Nilikwama kidogo tu. Fundi cherehani akaja na shati la mtu la kushonea vifungo, akakaa karibu na kitanda anashona, hamsemeshi.

Ila benchini watu walikuwa wameshakaa. Nilikuwa nimetayarisha uongo, kwamba Baba ana mafua. Nikamwuliza niwaambie hivyo. Akageuza kichwa.

"Waambie ukweli. Nimechoka kuumwa mafua."

Nikaenda. Walikuwepo Bucha, fundi bomba, yule dereva wa lori, na wengine nisiowajua, wa mtaa wa pili. Mikono ilinitoka jasho. Nikasema, "Baba anaumwa ule ugonjwa wake. Leo hatafungua. Muuguzi yuko njiani."

Nikasubiri waanze kuinuka mmoja mmoja waelekee sokoni.

Bucha akakunja gazeti. "Haya, basi ni kesho. Ila wote mmeniona, mimi ndiye wa kwanza. Mtu asije kesho akajifanya hajui."

"Wa kwanza wapi?" fundi bomba akasema. "Nimefika wewe bado unafungua bucha!"

"Ulifika, ukaenda kunywa chai. Anayeondoka amepoteza nafasi."

"Nimeacha kofia yangu hapa!"

"Kofia inanyolewa?"

Dereva akasema yeye ametoka mbali kuliko wote, kwa hiyo haki ni yake. Wakamgeukia yeye. Mama, waligombana kwa sauti mpaka majirani wakatoka nje, wanaume wazima, juu ya nani atatangulia kumpa Baba koo lake. Na dirisha la chumbani lilikuwa wazi. Niliporudi ndani fundi cherehani alikuwa anauma midomo asicheke, na Baba alikuwa bado anautazama ukuta, lakini alikuwa anasikiliza.

Kesho yake hakufungua. Kesho kutwa yake alifungua, na wao wakaendelea na ugomvi pale pale walipouachia.

Bintiyo